Kila Mmoja na Zake

Nakaa nyuma ya meza,
hesabu ninaongeza,
watu wakijieleza;
si hakimu, ni karani.

Ofisi ya Makadara,
chini wauza majora,
feni imekosa dira,
faili zalala chini.

Kesi yao: mfereji,
shibiri mbili, wa maji,
kati ya nyumba za mji,
mtaa wa Kibokoni.

Khuleta binti Shebwana,
miaka tisa, mchana
na usiku, hugombana
na Bwana Saifudini.

Bwana alijenga ngazi,
njia ya maji si wazi;
masika, mwezi kwa mwezi,
maji kwa bibi jikoni.

Hukumu ilipotoka
Khuleta akaanguka,
gharama zikamfika;
akaikata rufani.

Majaji watatu wale
wakasoma yote yale,
ramani za enzi zile,
mfereji ni wa nani.

Wakasema: wake mama.
Khuleta akasimama,
akauliza: “Gharama
zatoka mfuko gani?”

Kanuni yajulikana:
ashindwaye, akikana,
akiapa kwa Rabana,
hulipa la wote deni.

Ila pana neno “ila”:
jaji hutazama kila
upande ulivyolala,
kisha asema: Acheni.

Jaji mmoja wa kike
kavua miwani yake:
“Kila mmoja na zake,
kwa kuwa ni majirani.

Mkiambiana ‘lipa’,
mtaishi mkiapa,
na ukuta uko hapa,
mmoja, wa ubavuni.

Za kule chini, za kwanza,
Bwana uliyeyaanza,
lipa, upate jifunza
kutoziba wa jirani.”

Wakili wetu Kalama
akaguna, akahema:
“Ushindi mwema, si mwema?
Tushukuru, twende chini.”

Bibi: “Mbuzi kaibiwa,
leo nimerudishiwa;
majani aliyopewa
na mwizi, nilipe kwani?”

Nikaandika hesabu:
nakala, muhuri, tabu;
tabu nilifuta — tabu
haina namba bukuni.

Kurasa mia na nane,
kila moja mara nne,
ili majaji waone:
hizo yazila rufani.

Bibi kaja na mfuko,
risiti za huku, huko,
za fundi wa mabomoko
na mpima wa Likoni.

“Na bangili? Nimeuza.
Na usiku wa kuwaza?
Ngazi zenu zaniliza.
Yaandikwe safu gani?”

“Jedwali, bibi, ni kavu,
halijui maumivu,
lataka risiti mbivu
zenye tarehe na deni.”

Siku ya kukadiria
msajili akatia
mkasi, nawaambia,
kama fundi wa kitani.

Laki nane nilidai;
akasema: “Haifai,
nauli gani, na chai?”
Laki mbili, themanini.

Na wakili naye ana
yake, waliyopatana
siku walipoonana:
laki nne, si utani.

Nikatoa, nikavusha,
hesabu haikutosha;
ushindi umemshusha
Khuleta ngazi ya deni.

“Kwa hiyo nimenunua
njia ipite mvua
kwa bei ya kuinua
orofa ya Kisauni!”

Akacheka, akafunga
mfuko wake kwa kanga,
akashuka akichunga
magoti yake ngazini.

Bwana naye ana joto:
amemkopa mtoto,
kubomoa ni uzito
ngazi iliyo hewani.

Masika yalipofika
nikayakuta yaruka
maji yaliyotukuka
kwa muhuri wa rufani.

Bwana, dirishani kwake,
bibi, mlangoni pake,
kila mmoja na zake
fikira; ni majirani.